Ruzuku ya umma kwa sanaa ya jamii: niliyojifunza kuanzia andiko hadi ripoti

Kama kikundi chenu cha sanaa kimeona tangazo la ruzuku ya umma na mmeanza kupeana moyo, nawaomba msome haya kabla hamjagusa fomu. Sisi tumepita humo. Tuliandika, tukakataliwa, tukaandika upya, tukapata, kisha tukazitolea hesabu fedha hizo hadi senti ya mwisho. Sehemu zilizotutoa jasho hazikuwa zile tulizokuwa tukiziogopa.

Mradi wetu ulikuwa igizo. Wazee wa mtaa walikuwa na kumbukumbu za jinsi watu walivyofika pale, nani aligawa viwanja, ugomvi upi uliwahi kuwatenga majirani na ulisuluhishwaje. Vijana walikuwa hawayajui hayo. Tulitaka wakae pamoja, wazee wasimulie, vijana watunge igizo kutokana na masimulizi hayo, kisha lichezwe mahali pa wazi bila kiingilio. Watu wa kuifanya kazi tulikuwa nao. Fedha hatukuwa nazo.

Fedha ya umma ina tabia yake, na ukiielewa mapema hata fomu inaanza kueleweka. Ni kodi ya watu, au mapato ya bahati nasibu ya taifa, kwa hiyo anayekupa naye anasubiriwa na mkaguzi wa hesabu. Ndiyo maana unaulizwa katiba ya kikundi, majina ya wanaoweka saini benki, na namna mnavyofanya uamuzi mkitofautiana. Mwanzoni niliyaona maswali hayo kama kutoaminiwa. Sivyo. Ofisa anayeyauliza naye ataulizwa.

Halafu, katika nchi nyingi anayetoa fedha siye anayechagua kazi. Uingereza ilipounda Arts Council of Great Britain, baraza lake la sanaa, mwaka 1946, msingi ulikuwa huo: serikali itoe fedha, lakini waziri asiwe ndiye anayesema igizo lipi lifadhiliwe. Marekani, National Endowment for the Arts, taasisi ya serikali kuu inayofadhili sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1965, hupitisha maombi kwenye majopo, na kila jopo lazima liwe na raia anayeifahamu sanaa ingawa si msanii wala mtaalamu wake. Jambo hili dogo lilibadilisha uandishi wangu kabisa. Nilikuwa naandika kana kwamba nazungumza na watu wa jukwaa wenzangu. Kumbe msomaji wangu huenda ni mtu mwenye rundo la maandiko mezani, hajawahi kufika kwetu, na hatapiga simu kuuliza nilimaanisha nini. Kila neno la kitaalamu ambalo halina kazi nikaliondoa. Mahali pa "mchakato shirikishi wa uibuaji wa masimulizi" nikaandika kwamba wazee watakaa na vijana kila wiki, watasimulia, na vijana watarekodi na kuandika.

Kabla ya andiko kuna makaratasi, na makaratasi yalitula muda kuliko andiko lenyewe. Kwenye cheti cha usajili jina la kikundi liliandikwa kwa kirefu, kwenye akaunti ya benki liliandikwa kwa kifupi, na mfumo wa kupokea maombi ulitaka yafanane herufi kwa herufi. Benki nao wakataka muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mabadiliko, wenye saini za viongozi na orodha ya waliohudhuria. Mwenyekiti alikuwa safarini. Tukakaa tunahesabu siku za dirisha la maombi kufungwa huku tukisubiri saini moja. Kwa hiyo nasema: andaeni faili hilo wakati hakuna tangazo lolote. Liwe na cheti, katiba, majina ya viongozi na vyeo vyao, muhtasari wa kikao cha karibuni, taarifa ya benki, hesabu za mwaka uliopita, na picha chache za kazi mlizokwisha kufanya. Angalieni tarehe za mwisho wa uhalali wa kila hati. Skani ya cheti iwe inasomeka mpaka mhuri. Chetu kilikuwa kimekunjwa katikati kwa miaka, na mkunjo ulipita juu ya namba ya usajili.

Kwa wanaoomba fedha za serikali kuu ya Marekani kuna hatua nyingine mbele ya zote, kujisajili kwenye mfumo wa SAM.gov na kupata namba ya utambulisho ya UEI, ambayo tangu Aprili 2022 ndiyo inayotumika. Usajili huo ni bure na unaweza kuchukua wiki kadhaa. Wapo wanaoandikia vikundi wakidai malipo ili "wawasaidie kusajiliwa". Msiwalipe.

Na kama kikundi hakijasajiliwa, ulizeni mapema kama mnaruhusiwa kuomba kupitia taasisi nyingine inayobeba dhamana ya fedha. Mifuko mingine inakubali. National Endowment for the Arts haikubali. Nimeona vijana wakiandika usiku kucha kwa ajili ya mfuko ambao tangu mwanzo haukuwa wao, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wa pili wa mwongozo. Someni sehemu ya wasiostahili kabla ya sehemu ya wanaostahili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna mwongozo unaolitaja. Ili kuandika andiko la mradi wa jamii, lazima uzungumze na jamii. Tulikwenda kwa wazee, tukakaa nao, tukaeleza wazo, tukawaomba ruhusa ya kuwataja. Tulisema wazi kwamba tunaomba fedha na huenda tusipate. Lakini mtu akishaulizwa habari za maisha yake, akaonyeshwa kwamba zina thamani, anaanza kusubiri. Kila nilipopita njia ya kwao, mzee mmoja alikuwa akiniita: "Mwanangu, wale watu wamejibu?" Nami namwamkia, naketi kidogo, namwambia, "Bado, baba." Ombi lilipokataliwa, barua ilikuwa na aya mbili. Kumweleza yule mzee ilikuwa kazi nzito kuliko kuisoma barua ile.

Tangu hapo tunafanya hivi: hatuombi jambo ambalo hatuwezi kulianza kwa kiwango kidogo bila ruzuku. Baada ya kukataliwa tulianza vikao vya simulizi kwa viti vya kuazima na simu ya mkononi ya kurekodia, tukisema ukweli kwamba igizo litasubiri. Wazee hawakujiona wametumiwa. Na bila sisi kupanga hivyo, vikao hivyo vikawa ushahidi mkubwa kuliko wote kwenye andiko la pili: daftari la mahudhurio, sauti zilizorekodiwa, na vijana waliokuwa wameshazoea kuja.

Tuliomba mrejesho. Fanyeni hivyo daima, kwa barua fupi ya heshima isiyo na ubishi. Wengine hawatoi, lakini aliyetujibu alitusaidia sana. Jopo liliipenda kazi, ila halikuona bajeti ikifuata shughuli. Kwenye maelezo kulikuwa na wazee, vijana, mafunzo na maonyesho. Kwenye bajeti kulikuwa na mistari minene kama "gharama za uendeshaji" na "vifaa". Mtu asiyetujua angewezaje kuamini kwamba tunajua tunachokwenda kufanya?

Mara ya pili tulianza na bajeti, andiko likaja nyuma. Kama kuna jambo moja ningependa mlichukue, ni hili. Mhazini wetu alichukua daftari la mistari, akachora safu: shughuli, nani anafanya, mara ngapi, kipimo, bei ya kimoja, jumla, na fedha inatoka wapi. Kisha akaanza kutuuliza. Kikao cha simulizi, sawa. Wazee wanakaa kwenye nini? Tukasema viti. Viti gani? Kuna bibi ambaye mgongo unamsumbua, hawezi kukaa saa nzima kwenye benchi. Akaandika: viti vyenye egemeo, vya kukodi. Wanafikaje? Wawili hawawezi kutembea mpaka pale, akaandika nauli na mtu wa kuwasindikiza. Kina mama vijana watawaacha na nani watoto wakati wa mazoezi? Mstari mwingine. Nani atatafsiri kwa yule mzee anayesimulia kwa lugha ya nyumbani kwao? Mwingine tena. Kufikia jioni daftari lilikuwa limeeleza mradi wetu vizuri kuliko kurasa zote nilizokuwa nimeandika, na andiko jipya nililitoa humo. Baadaye, kwenye maoni ya jopo, mstari wa viti vyenye egemeo ulitajwa kuwa dalili kwamba kikundi kinawafahamu watu wake.

Mengine ya bajeti niyapitie kwa pamoja. Walipeni wasanii, na muyaandike malipo hayo bila kuona haya; bajeti ambayo kila msanii anajitolea humtia shaka msomaji, na ni dhuluma kwa wasanii wenyewe. Bei zitoke kwenye nukuu za wauzaji, si kichwani, na nukuu zihifadhiwe. Msitie humo gharama mliyokwisha kulipa kabla ya mkataba, kwa maana mifuko ya umma kwa kawaida hailipii yaliyopita. Gharama moja isilipiwe na wafadhili wawili. Na msijikate ili muonekane wa bei nafuu. Jopo lina watu wanaojua gharama ya kufunga jukwaa na vipaza sauti, na bajeti ya chini mno inawaambia kwamba kazi haitakamilika.

Mchango wa kikundi unawakwamisha wengi. Mfuko mmoja unataka kidogo, mwingine unataka nusu nzima. Arts Council England, baraza la sanaa la Uingereza la sasa, kwa ruzuku zake za miradi zinazotoka kwenye bahati nasibu ya taifa, kwa kawaida hutaka angalau asilimia 10 ya gharama itoke kwingine. National Endowment for the Arts kwa ruzuku zake nyingi hutaka mwombaji aweke kiasi sawa na anachopewa. Mara nyingi mchango unaweza kuwa usio wa fedha taslimu: ukumbi mnaopewa bure, saa za mtu wa kujitolea, vifaa vya kuazima. Lakini lazima uwe na thamani inayothibitika. Tulikuwa na karatasi ukutani ambapo kila aliyejitolea aliandika jina, kazi, saa ya kuingia na ya kutoka, akatia saini siku hiyo hiyo. Mwenye ukumbi alituandikia barua inayotaja bei anayowatoza wengine. Mambo haya hayafanyiki vizuri mwishoni kwa kukumbuka.

Kuhusu barua za kuungwa mkono, chache zenye maelezo zina nguvu kuliko nyingi zinazofanana. Barua iliyotusaidia ilitoka kwa mwalimu aliyeandika ni wanafunzi wa darasa gani watashiriki, watatoka saa ngapi, na nani atakuja nao. Tuliacha nje barua za wakubwa zilizosema tu kwamba sisi ni kikundi kizuri.

Siku ya kutuma, msisubiri saa ya mwisho. Andikeni majibu yote pembeni kwanza, kwenye faili lenu, maana mfumo unaweza kukutoa katikati ya kuandika na usikuhifadhie kitu. Nafasi kati ya maneno nazo mara nyingi huhesabiwa kwenye kikomo cha herufi. Faili likiwa zito kuliko kipimo linakataliwa. Kwa mifuko ya kimataifa angalieni saa iliyotajwa ni ya nchi gani. Na angalieni kama kuna mlango wa kwanza kabla ya mlango mkuu: Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Tamaduni wa UNESCO, uliotokana na Mkataba wa mwaka 2005, hupokea maombi ya nchi zinazoendelea zilizoridhia mkataba huo, lakini kwanza yanachujwa na Tume ya Taifa ya UNESCO ya nchi husika. Ulizeni Tume mapema kama ina utaratibu au tarehe yake. Mkishatuma, pigeni picha ya ukurasa wa uthibitisho na mhifadhi namba ya ombi mahali ambapo si mtu mmoja tu anapajua.

Tulipopata, tulifurahi kwa sauti kubwa, na tulistahili. Nilikwenda kwa mzee mwenyewe kumpa habari. Akacheka, akaniuliza vijana wanaanza lini, maana anayo sehemu ya simulizi ambayo alikuwa ameibakiza.

Kisha ukaja mkataba. Usomeni wote, kwa sauti, mkiwa kikundi. Humo mlikuwa na masharti ya nembo, ruhusa ya kubadilisha matumizi kutoka fungu moja kwenda jingine, umiliki wa rekodi, na ridhaa za maandishi kwa kila anayepigwa picha, watoto kwa saini ya mzazi au mlezi. Kifungu cha umiliki tuliomba kifafanuliwe, kwa sababu masimulizi yale ni mali ya wazee, na sisi hatukuwa na haki ya kuyagawa. Ofisa hakukasirika. Alituandikia nyongeza iliyosema masimulizi yanabaki mikononi mwa wasimuliaji na mfuko unapata ruhusa ya kuonyesha vipande kwa ajili ya taarifa zake. Msiogope kuuliza. Kuuliza kabla ya saini ni haki yenu.

Fedha hazikuja zote pamoja. Zilikuja kwa awamu, na ya mwisho ilikuwa itolewe baada ya ripoti kupokelewa na kukubaliwa. Maana yake ni kwamba maonyesho yamekwisha, watu wameshapiga makofi, na bado kuna wasanii wanaodai. Hiki ndicho kipindi kilichoniumiza kuliko kukataliwa, kwa kuwa wanaodai ni rafiki zako na wana kodi ya nyumba. Kilichotuokoa ni kwamba mhazini alikuwa ameshawaandikia wasanii makubaliano yanayotaja wazi malipo yapi yanafuata awamu ipi, wote wakasaini wakijua. Hata hivyo kusubiri kulikuwa kuchungu. Kama mnaweza, pangeni malipo ya wasanii yatoke kwenye awamu za mwanzo, na awamu ya mwisho ilipie vitu ambavyo muuzaji anaweza kungoja, kama uchapaji wa kitabu cha kumbukumbu au uhariri wa rekodi. Ulizeni swali hili kabla ya kuomba: mfuko unalipa mbele, au unarudisha mlichotumia? Kikundi kisicho na akiba hakiwezi kubeba ruzuku ya kurudishiwa, hata ikiwa kubwa kiasi gani.

Risiti ni kazi ya kila siku. Zile zinazochapwa kwenye karatasi ya joto hufifia. Baada ya miezi michache unabaki na kikaratasi cheupe. Mhazini alizipiga picha siku ile ile, akazigandisha kwenye karatasi kwa utaratibu wa mistari ya bajeti, na pembeni akaandika ilinunuliwa kwa ajili ya nini. Mahali ambapo muuzaji hana risiti, tulitumia hati ya malipo yenye jina, kiasi, tarehe na saini ya mpokeaji, baada ya kuuliza kama inakubalika.

Kwenye ripoti wanataka idadi: waliohudhuria, vikao vilivyofanyika, umri, jinsia. Toeni, na zitoke kwenye daftari. Lakini andikeni pia yale ambayo idadi haiyaonyeshi. Katika mazoezi, kijana mmoja alicheza tukio la ugawaji wa viwanja akimfanya mjumbe kuwa mkali, akipiga meza. Bibi yule wa kiti chenye egemeo akainua mkono. "Hapana, mjukuu wangu. Hakupiga meza. Alilia." Mazoezi yakasimama. Kijana akamwomba asimulie upya, na tukio likaandikwa tena mbele yake. Tuliliweka hilo kwenye ripoti kama lilivyotokea, na ofisa alituambia alilisoma mbele ya wenzake.

Zikibaki fedha, msizitafutie matumizi ya haraka. Mwandikieni ofisa mapema, mkipendekeza mnachotaka kufanya nazo, na mngoje jibu la maandishi. Nyaraka zihifadhiwe hata baada ya mradi kufungwa. Kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, kanuni ni miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha, na mifuko mingine inataka zaidi.

Tangu wakati huo tumeacha matangazo kadhaa yapite. Moja lilitaka maudhui ambayo jamii yetu haikuyahitaji, na ili kulifikia ingebidi tuwageuzie wazee masimulizi yao. Tulikaa kikao, tukalijadili, tukaandika kwenye muhtasari kwamba hatuombi. Sasa hivi mhazini ana daftari jipya, na vijana ndio wanaoulizwa maswali: ukumbi upi, siku zipi, nani anakaa wapi, nani anamsindikiza nani. Dirisha bado halijafunguliwa.